Mwalimu Mpya wa Shule ya Sikudhani

Msiitafute nchi yetu kwenye ramani. Ramani yetu ilipelekwa makao makuu kupigwa mhuri mwaka juzi na haijarudi, na mpaka irudi, kisheria hatupo mahali popote. Hilo halitusumbui. Tunakula, tunazaa, tunapanga foleni, maisha yanakwenda.

Mimi ni Mjumbe Mgaza, mjumbe wa nyumba kumi za mtaa wa Mabatini. Nyumba zenyewe ni kumi na nne, lakini ofisi iliniambia nisiwaharibie takwimu, kwa hiyo zile nne nazihudumia kimyakimya. Nina mhuri wangu, nina kidau changu cha wino, na nina mapenzi na serikali ambayo marehemu mama yangu alisema yatakuja kuniumbua. Nayasema haya mapema, asije mtu akadai Mjumbe Mgaza anaisema serikali vibaya. Siisemi. Nasimulia tu.

Nyumba ya saba, ile yenye mlango wa bluu, anakaa Sikudhani, fundi cherehani, na mumewe Hiza, fundi bomba wa idara ya maji. Wana watoto watatu: Tunu wa miaka saba, Kombo wa miaka minne, na Mwanaidi, ambaye wakati huo alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu. Tunu alikuwa darasa la kwanza kwenye shule ya mtaa. Darasa lilikuwa na watoto mia na tisini na mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa kwenye semina ya kupunguza msongamano. Tunu alikaa mlangoni, na siku za mvua, wakubwa wakijisogeza ndani, alikaa nje ya mlango.

Mwisho wa mwaka akaleta ripoti nyumbani. Kusoma: alama tisini na nane. Sikudhani akafurahi, akachukua kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, akamwonyesha neno "maji". Tunu akaliangalia kwa heshima zote.

"Hilo bado hatujafika," akasema.

Sikudhani alilia siku ile. Nilimwona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimepita kufanya sensa ya kuku.

"Mjumbe," akaniambia, "mwanangu ana tisini na nane na hajui kusoma jina lake."

"Tisini na nane si haba, Mama Tunu," nikamjibu.

Alivyonitazama, nikahesabu kuku nikaondoka.

Shule zilipofunguliwa Tunu hakurudi. Sikudhani alimweka kibarazani, kando ya cherehani, akaanza kumfundisha mwenyewe. Herufi walizisoma kwenye mifuko ya unga wa ngano. Namba walizisoma kwenye tepu ya kupimia, na kila mteja aliyekuja kushona, ni Tunu aliyeandika jina lake na ukubwa wa kiuno chake daftarini, jambo lililowafanya akina mama wengi wa mtaa kubana matumbo. Kombo alipanga vifungo kwa rangi. Mwanaidi alilala kwenye beseni la vitambaa chini ya meza. Sikudhani miguu iko kwenye cherehani, mkono mmoja uko kwenye kitambaa, mwingine unageuza maharage jikoni, mdomo una pini tatu, na bado kwenye upenyo wa pini anasema, "Ba, be, bi, endelea." Hiza akirudi jioni na tope mpaka magotini, anamwaga viungio vya mabomba sakafuni, anafundisha kujumlisha.

Baada ya miezi minne nilipita pale na barua mkononi. Tunu akaichukua, akasoma mhuri wangu. Jamani, ule mhuri maandishi yake yamezunguka duara, hata mimi mwenyewe hupinda shingo. Yeye aliizungusha karatasi tu, akausoma wote.

*

Sasa hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Sikudhani hakuniomba kitu. Lakini nilirudi nyumbani roho hainitulii. Mtoto anajua kusoma, na hakuna mhuri wowote uliogongwa! Katika nchi yetu mtu hafi bila barua ya mjumbe. Akifa bila barua anaandikwa amesafiri. Itakuwaje mtoto ajue kusoma kienyeji, bila kibali? Nikaona nimsaidie. Bila kumwambia nikakaa, nikaiandikia Wizara barua ndefu kuiomba imruhusu mama huyu aendelee kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemkataza. Kimbelembele changu hicho, sina wa kumlaumu.

Jibu lililetwa na maofisa watatu kwenye magari mawili. Lilisema hivi: "Sheria haimtambui mtoto anayefundishwa nyumbani. Hata hivyo, sheria inaitambua shule. Kwa hiyo, kuanzia tarehe ya barua hii, nyumba tajwa si nyumba tena bali ni Shule ya Msingi Sikudhani."

Nikampelekea nikitabasamu, maofisa wale nyuma yangu. Nilidhani ni habari njema. Sikudhani akageuza ukurasa, na nyuma kulikuwa na masharti. Mlingoti wa bendera. Kengele. Matundu sita ya choo: mawili ya wasichana, mawili ya wavulana, yaani Kombo, na mawili ya walimu. Mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu. Kamati ya wazazi yenye kukutana kila mwezi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba shule itakayokosa sifa itafungwa, na wanafunzi wake wote watapelekwa Kambi ya Malezi ya Taifa iliyoko Nyikani, mwendo wa siku mbili, wakakae huko mpaka wahitimu.

"Wote?" Sikudhani akauliza. "Na huyu?"

Alikuwa amempakata Mwanaidi. Ofisa mmoja akaangalia orodha.

"Mwanafunzi wa awali, namba tatu," akasema.

Sikudhani hakupiga kelele. Alinigeukia, akasema polepole, "Mjumbe, umenifanyia nini?" Ningefurahi kama angenipiga.

*

Basi wakajikaza kisabuni. Hiza akachimba matundu sita ya choo baada ya kazi, akasimamisha mlingoti, akaning'iniza rimu ya gari kuwa kengele. Sikudhani akawa mwalimu mkuu, Hiza akawa mwalimu wa taaluma, wa nidhamu, wa zamu na mlinzi. Kamati ya wazazi ilikuwa ni wao hao. Kombo alipopata mafua, Sikudhani mzazi alimwandikia Sikudhani mwalimu mkuu kumwombea ruhusa, na Sikudhani mwalimu mkuu akajibu kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nakala zilikwenda wilayani. Zilirudishwa, kwa maelezo kwamba mzazi huyu anaonekana kuwa na mazoea yaliyopitiliza na uongozi wa shule.

Cherehani ikanyamaza. Asubuhi ilikuwa ni andalio la somo, mchana taarifa ya utekelezaji wa andalio la somo, alasiri kikao cha kujadili kwa nini taarifa imechelewa. Kusoma kwenyewe kulifanyika kwa wizi, Tunu akimsomea mama yake mifuko ya unga wakati wanasonga ugali.

Siku ya uzinduzi akaja Mheshimiwa Waziri Kapambala mwenyewe. Mtaa mzima tulisimama juani kuanzia saa moja asubuhi. Alifika saa saba, akapanda kwenye ngazi ya kibaraza.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wapo wanaotubeza! Wanauliza, shule ziko wapi? Haya, tazameni! Leo serikali yenu imejenga shule hii bila kutumia tofali hata moja! Ni nchi gani nyingine duniani imeweza? Itajeni!"

Tukapiga makofi. Hatukuweza kuitaja.

"Lakini nasema, na nasema tena," akaendelea, "sitaki undugunaizesheni shuleni! Nimeambiwa hapa kuna wanafunzi wanaomwita mwalimu mkuu mama. Mama! Mchana kweupe! Huo ni upendeleo, na upendeleo ni mdogo wake rushwa! Kuanzia leo ni marufuku mwanafunzi kumwita mwalimu mama saa za masomo, na ni marufuku mwalimu kumbeba mwanafunzi!"

Aliyeachwa kusimamia agizo hilo ni Mkaguzi Luhwago, bwana mmoja mwembamba, mpole, mwenye miwani puani na jalada mkononi. Katika siku nzima ile hakuinua macho kumtazama mtu. Ukimsalimia, anaisalimia karatasi. Akikuuliza jina, analitafuta kwanza jaladani kuona kama hukosei.

Saa nne kasorobo asubuhi ya pili, Kombo alijikwaa kwenye msingi wa mlingoti, akachubuka goti, damu ikamtoka. Alilia akinyoosha mikono. "Ma..." akaanza, halafu akakumbuka, akalimeza neno. Sikudhani alisimama pale pale, mikono nyuma, vidole vimeshikana mpaka vimekuwa vyeupe. Mkaguzi alikuwa anaandika. Mapumziko yalikuwa saa nne na nusu.

"Mjumbe," akasema Mkaguzi bila kuinua kichwa, "utushikie saa."

Nikaishika. Dakika arobaini na tano nzima mtoto analia hatua tatu kutoka kwa mama yake, na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, natazama saa. Naona haya kuyasema, lakini nilishika saa. Ilipotimu, Hiza alipiga rimu ile kwa nyundo kiasi kwamba ilipasuka.

*

Miezi miwili baadaye ikaja bahasha ya kaki. Ilisema kwamba, kwa kuwa mwalimu hatakiwi kufanya kazi kituo kimoja na ndugu zake, Mwalimu Sikudhani anahamishiwa Shule ya Msingi Staamili, wilaya ya Mto Mkavu, kilomita mia tatu kutoka hapa. Nafasi yake itachukuliwa na Mwalimu Staamili, wa shule hiyohiyo ya Staamili, ambaye naye amegundulika kuwa na ndugu kituoni. Wanafunzi hawahamishwi pamoja na walimu. Atakayekaidi, shule yake itafungwa. Yaani Nyikani.

"Ananyonya," Sikudhani alisema. "Mjumbe, Mwanaidi ananyonya. Wanataka niende na maziwa yangu kilomita mia tatu?"

Hiza alitoka akaenda kukaa kwenye tundu la choo la wavulana, akafunga mlango. Mwanamume huyu nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na hata siku ile sikumwona, nilimsikia tu.

Utaratibu wetu, hakuna mwalimu anayeondoka bila makabidhiano. Ijumaa akafika Staamili kwa basi, mama mnene kidogo, kijana, kilemba chake kimekaa upande kwa uchovu wa safari. Wakakaa kibarazani wote wawili, mimi katikati na mhuri wangu. Nikaanza kusoma fomu: kengele moja, imepasuka, chaki, boksi nusu, wanafunzi, watatu.

Mwanaidi akalia ndani. Nikaona blauzi ya Staamili inalowa kifuani, pande zote mbili. Akavuta mtandio haraka kujifunika, lakini Sikudhani alikuwa ameshaona.

"Dada, nawe unanyonyesha?"

"Mapacha," akasema Staamili. "Wana miezi saba. Nilikuwa nafundisha kaka zao watatu nyumbani, mjumbe wetu akaniombea kibali."

Nikatazama chini. Kumbe tuko wengi.

 Halafu Staamili akaivuta ile barua ya uhamisho, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Mwenzangu, hebu nikuulize," akasema. "Hii barua inasema Staamili awe hapa na Sikudhani awe kule. Umeona picha yoyote humu?"

"Hakuna picha," akasema Sikudhani.

"Na mimi nimeona hivyohivyo."

Wakatazamana. Sikudhani akaanza kucheka, mwenzake akamfuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega, huku machozi yanawatoka. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Mjumbe," akasema Sikudhani, "mimi naitwa Mwalimu Staamili. Nimewasili leo kutoka Mto Mkavu. Naomba unigongee fomu ya kuripoti."

"Na mimi Mwalimu Sikudhani," akasema yule mwingine, "naondoka kwa basi la saa nane kwenda kituo changu kipya."

Wallahi jasho lilinitoka. Miaka kumi na tisa nina mhuri ule, na sijawahi kuugonga kwenye uongo niliokuwa na habari nao. Nikawaza kiapo changu. Nikawaza kazi yangu. Ndani kule mtoto bado analia njaa, na mama yake amekaa, hajainuka, ananisubiri mimi niseme yeye ni nani.

Nikagonga. Nikagonga mara mbili, maana mara ya kwanza mhuri ulitoka nusu.

*

Wiki ya tatu Mkaguzi Luhwago akarudi kumkagua mwalimu mpya. Tulikuwa tumejiandaa. Tunu alishajua kusema "Shikamoo Mwalimu Staamili" bila kupepesa. Kombo, ambaye hatukumwamini, tulimjaza kashata mdomoni. Hiza alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, anafungua na kufunga kitasa kile kile. Mwanaidi hatukumwandaa. Nani anamwandaa mtoto wa miezi kumi?

Mkaguzi akaingia akiwa ameinamia jalada. "Mwalimu Staamili, habari ya kituo kipya?"

"Njema, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Wenyeji wamenipokea vizuri."

"Mwanafunzi wa kwanza asome."

Tunu akapewa kitabu cha Wizara, kikubwa, kipya, hajawahi kukiona. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma wa pili. Mkaguzi akaandika, akakohoa, akaandika tena. Nikasema moyoni, tumepita.

Mwanaidi wakati huo alikuwa anatambaa chini ya meza. Akashika mguu wa cherehani. Akajivuta, akasimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake akasimama mwenyewe, akanyoosha mkono mmoja, akasema, safi kabisa, kama mtu aliyefundishwa:

"Mama."

Kalamu ikasimama. Kombo akaacha kutafuna. Sikudhani uso ulimpauka, na nikaona mikono yake inakwenda yenyewe kwa mtoto, akairudisha nyuma, ikaenda tena. Lilikuwa neno la kwanza la mwanawe na hakuruhusiwa kuliitikia. Mkaguzi Luhwago akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake, na yalikuwa macho ya kawaida tu.

"Mwanafunzi namba tatu amesema nini?"

 Bisibisi ilimwanguka Hiza. Nikajiona nasimama.

"Amemwita mwalimu mama, Mheshimiwa."

"Mwalimu huyu mpya?"

"Ndiye huyo huyo unayemwona."

"Baada ya wiki tatu tu?" Akageuza kurasa za nyuma. "Na yule aliyehamishwa, Sikudhani, wanafunzi walikuwa wakimwita mama?"

"Saa za masomo, tangu agizo litoke?" nikasema. "Hata siku moja, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika saa."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu, mtu yeyote aniapishe. Mkaguzi akarudisha macho kwenye jalada, akaandika kurasa nne bila kupumzika. Alipotoka nje ya uzio tu, Sikudhani alimnyanyua Mwanaidi, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

*

Waraka ulitoka mwezi uliofuata. Ulisema utafiti wa kina uliofanyika mtaa wa Mabatini umethibitisha kwamba mtoto humpenda mwalimu aliyehamia kuliko aliyekuwepo, kiasi cha kumwita mama kwa hiari. Kwa hiyo mama yeyote nchini anayefundisha nyumbani, ahamishwe kabla ya mwezi wa sita. Katika nyumba zangu kumi nilipewa barua kumi na moja za kusambaza. Nilizisambaza zote. Kila mlango nilioingia nilisema maneno yaleyale: "Pole, mama. Lakini isome vizuri barua yako, uniambie kama umeona picha." Mhuri wangu umeanza kulika ukingoni kwa kazi.

Kwa nyumba ya saba zilikuja bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na cheti chenye ua la dhahabu: Mwalimu Bora wa Mwaka, Mwalimu Staamili. Sikudhani akasema atakituma Mto Mkavu kwa mwenyewe, na yeye angojee kinachomhusu. Ya pili ilikuwa nyembamba, imeandikwa: Mwalimu Sikudhani, nakala kituo cha zamani.

Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare, pini tatu mdomoni. Akanionyesha kwa kidevu nimpe Tunu.

Tunu akaifungua, akasimama wima kama mstarini.

"Yah: Onyo kali kwa uzembe kazini," akasoma. "Imebainika kwamba wewe, Mwalimu Sikudhani, katika muda wote uliokaa kituoni, ulishindwa kabisa kumfundisha mwanafunzi Tunu Hiza kusoma, kazi ambayo mrithi wako aliikamilisha ndani ya wiki tatu. Wizara imesikitishwa na utepetevu huo na inakutaka ujieleze kimaandishi."

Alisoma yote bila kukwama, hata lile "utepetevu" ambalo mimi ningeliruka. Nikainamisha kichwa. Nilitaka kumwomba mama yake msamaha, na sikujua nianzie wapi.

Sikudhani akaacha kukanyaga cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akamtazama mtoto wake.

"Rudia sentensi ya kwanza," akasema. "Kwenye mkato hukupumzika."

Tunu akarudia.